Lugulu na Chetambe: Kanisa Lisilo na Altare

Ukitafuta kanisa kongwe la Kimethodisti kati ya Kitale na Bungoma utachoka bure. Wamethodisti walianzia Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, chini ya Thomas Wakefield. Walipopanda bara mwaka 1912 walishika Meru. Huku kwetu misheni za Kiprotestanti zilikuwa zinagawana nchi kama mirathi. Waanglikana walipata Butere, Church of God wakapata Kima, na Marafiki, yaani Wakweka kutoka Marekani, walioanza Kaimosi mwaka 1902, wakasogea kaskazini hadi Lugulu. Wakatoliki ndio hawakujali mipaka hiyo.

Kwa hiyo huniudhi nikisikia kwamba Wabukusu, wenyeji wa hapa, waliuchagua Ukweka kwa kuwa unafanana na baraza la wazee. Ni uchaguzi gani huo, wa sinia yenye chakula kimoja cha Kiprotestanti?

Jengo la Marafiki nalo husimuliwa vibaya. Mgeni huona ukumbi wa kuta nne, mabati, madirisha na mabenchi, akasema maskini hawa, hawakuwa na fedha za mnara. Sivyo. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai, hivyo birika la ubatizo halina kazi, na altare haina wa kuihudumia. Ukumbi mtupu ndio imani yenyewe. Na si kwamba ufundi ulikosekana: Kaimosi ilianzishwa kama misheni ya viwanda, ikawa na kinu chake cha kupasulia mbao.

Lakini mahali hapa hapaeleweki kwa kuangalia kanisa tu. Jirani ya Lugulu, upande wa Webuye, viko vilima vya Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya ngome ya ukuta wa udongo na handaki. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliwaendea na askari Wanubi, Waganda wengi na bunduki ya Maxim. Wabukusu wengi waliuawa humo. Miaka saba tu baadaye wakaja wahubiri wa amani, watu wasioshika silaha, wakihubiri chini ya ulinzi wa serikali ileile. Simulizi za misheni huruka hapo haraka mno.

Humruka pia Elijah Masinde. Alikuwa mtoto wa kanisa hilihili, mchezaji mpira aliyeiwakilisha Kenya dhidi ya Uganda mwaka 1930, akatengwa na Marafiki kwa kuoa mke wa pili. Mwaka 1947 aliwaongoza wafuasi wa dini yake mwenyewe, Dini ya Msambwa, hadi Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Kanisa halikuwa limewalilia, yeye aliwalilia. Serikali ilikuwa imekwisha kumpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, wakaua 11, dini ikapigwa marufuku, naye akafungiwa Lamu hadi 1961.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Marafiki wa Afrika Mashariki walikuwa wamepata mkutano wao wa mwaka, yaani chombo chao cha uongozi, tangu 1946. Mwaka 1973 wale wa Elgon wakajitenga. Dini ya Msambwa, iliyoruhusiwa baada ya uhuru, ilipigwa marufuku tena mwaka 1968, safari hii na serikali ya Waafrika. Masinde alifariki mwaka 1987.