Baruti nyeusi na baruti za badala katika bunduki ya gumegume

Bunduki ya gumegume inawashwa na jiwe tu. Mtu akivuta traiga, jiwe linapiga kibamba cha chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani cha pembeni, halafu moto unapita katika tundu dogo mpaka ndani ya mtutu. Cheche zenyewe ni dhaifu. Gobore la fataki lina bahati zaidi, juu fataki inatupa moto mkali moja kwa moja kwenye baruti.

Baruti nyeusi, ile ya zamani ya shura, makaa na salfa, inashika moto haraka hata kwa cheche ndogo. Huo ndio uzuri wake, na ubaya wake uko hapohapo: sigara karibu na kopo, basi. Marekani inahesabiwa kuwa kilipuzi, na maduka mengi yanakataa kuiweka.

Ni hapo baruti za badala zilipata soko. Pyrodex, iliyobuniwa na Dan Pawlak, ilianza kuuzwa miaka ya 1970. Triple Seven, ambayo haina salfa, ilikuja baadaye. Kuzisafirisha na kuziweka ni rahisi zaidi. Lakini zinataka joto kubwa kuliko baruti nyeusi ili ziwake, na joto hilo gumegume halina. Matokeo wawindaji wanayajua: kisahani kinawaka, mtutu kimya. Mbaya zaidi ni pale mlio unapochelewa. Mtu anadhani bunduki imegoma, anaigeuza aiangalie, na risasi inatoka. Ikigoma, mtutu ubaki umeelekea pasipo na watu, na mtu asubiri kabla ya kuigusa.

Kwa hiyo huko Pennsylvania, ambako kuna msimu wa kuwinda paa kwa gumegume peke yake baada ya Noeli, wazoefu wengi wanabaki na baruti nyeusi: chembe ndogo kwenye mtutu, na laini kabisa kwenye kisahani. Wengine wanatia nyeusi kidogo chini na ya badala juu yake. Inawaka, ndiyo, lakini ni kazi nyingi kwa faida ndogo.

Kipimo nacho kinadanganya. Pyrodex ni nyepesi, hivyo hupimwa kwa ujazo wa kikombe cha baruti nyeusi, si kwa mizani. Triple Seven ina nguvu zaidi. Mtengenezaji anashauri kupunguza kama asilimia 15.

Hapa Congo gumegume si kitu kigeni. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Nyingi zilitengenezwa Liège, Ubelgiji.

Kuna unga mmoja usioingia kabisa katika hesabu hii: ule usio na moshi, unaotolewa ndani ya risasi za bunduki za kisasa. Huo si baruti ya badala. Msukumo wake unapita nguvu ya mtutu wa gobore, hata ukitiwa kidogo, na chuma kinapasuka karibu na uso na mkono wa kushoto wa anayepiga.

Baada ya kupiga, nyeusi au ya badala, mtutu unaoshwa siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, unakaushwa, unapakwa mafuta. Masizi yanavuta unyevu, na kutu haichelewi.