Mkilua na jirani yake mgeni

Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya kusini hadi Diani, mti wa harufu utakaokulaki kwanza ni mfranjipani. Uko malangoni mwa hoteli, uko makaburini, uko mbele ya nyumba za wenye nafasi. Kiangazi hupukutisha majani, yakabaki matawi manene ya kijivu na maua meupe yenye moyo wa manjano. Wengi hudhani ni wa hapa. Asili yake ni Amerika ya Kati na Karibi, na jina lake la kitaalamu, Plumeria, linamuenzi Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa aliyechunguza mimea ya Karibi na kufariki mwaka 1704.

Kilichoueneza ni wepesi wake. Tawi hukatwa, huwekwa kivulini siku kadhaa mpaka utomvu mweupe ukauke, kisha huchomekwa mchangani. Hoteli zilipojipanga ufukweni katika miaka ya 1970, watunza bustani wangetaka nini zaidi? Harufu yake huzidi usiku na kuwaita nondo wanaotafuta asali ambayo ua halina. Ua laghai, kwa kweli.

Mkilua haukupanda jahazi. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, jamaa ya mstafeli na mtopetope. Ua lake la kijani linaloelekea manjano halimvuti mpita njia. Pua ndiyo hulitambua. Wanawake wa pwani waliupanda uani, maua yake, vilua, wakayafunga kwenye vikuba pamoja na asumini na mrehani, wakayachomeka nyweleni, wakayatawanya kitandani mwa maharusi.

Wataalamu walikuja nyuma. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Nairobi kabla ya kuhamia bustani ya mimea ya Kew, London, aliuundia jenasi yake peke yake. Angeweza kuipa jina la rafiki au mfadhili, kama ilivyokuwa desturi. Aliiita Mkilua, na spishi yenyewe fragrans, yaani yenye kunukia. Kwangu huo ni uungwana: jina lilibaki la waliokwisha kuutunza.

Baadhi ya misitu ya pwani imepata ulinzi. Kaya Kinondo ya Wadigo, hapo hapo Diani, imo kati ya makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ila sheria ya msitu haifiki uani, na uani ndiko viwanja vinakogawanywa na saruji kumwagwa.

Anayeutaka mkilua Msambweni, kusini ya Diani, hana budi kubisha hodi kwa mwenye mti, aombe mbegu, aupande kwenye kivuli cha mwembe na kuwa na subira. Jua la ufukweni unalolifurahia mfranjipani silo la mti uliozaliwa chini ya miti mingine.