Gome la Mwati na Wayo wa Mwindaji

Mguu wa mwindaji hauombi fahari, huomba ukavu. Nyanda za Njombe zimeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai nyasi zake hulowa umande, pengine hushika sakitu. Buti likilowa kila siku, soli ya ndani ndiyo hutangulia kuoza, nayo haina budi kubadilishwa. Tuchague ipi basi? Sponji ni laini, lakini hubonyea upesi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome hunywa jasho, hukauka, na mwishowe hufuata umbo la wayo.

Hapo ndipo historia yetu inapojitokeza. Mwaka 1949 Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianzishwa, ikapanda Njombe mti wenye asili ya Australia, ambao magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Makambako. Dawa hiyo imeuzwa hata nchi za nje, ilhali wananchi wengi walitembea kwa katambuga za matairi. Vijana wetu na wajiulize: mali itokayo katika ardhi yetu, je, imefika katika nyayo zetu?