Chambo cha unyoya laini

Nomino, ngeli ya KI-VI. Wingi: vyambo vya manyoya laini.

Maana. Ndoana ndogo iliyovikwa uzi wa hariri na unyoya wa ndege ili ifanane na mdudu wa majini, itumikayo kuvulia trauti katika mito ya maji baridi. Nyungunyungu na dagaa ni chambo kiliwacho. Hiki hakiliki, bali humvuta samaki kwa umbo na mwendo wake.

Asili. Ufundi huu ni wa kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, na wa Uskoti. W. C. Stewart, mvuvi wa Uskoti, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1857, T. E. Pritt alikusanya vyambo vya Yorkshire katika kitabu cha mwaka 1885. Nchini Marekani, Sylvester Nemes aliufufua kwa kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Muundo. Chambo mashuhuri kuliko vyote hutumia hariri ya rangi ya chungwa na unyoya wa kahawia wenye madoa wa kwale wa Ulaya. Ndoana, aghalabu ya namba 12 hadi 16 (namba ikiwa kubwa, ndoana huwa ndogo), hubanwa kwenye jiliwa. Uzi huzungushwa kutoka karibu na tundu hadi juu ya ncha, kisha hurudishwa, mizunguko ikigusana, ili kiwiliwili kiwe chembamba. Unyoya hufungwa nyuma ya tundu, ukazungushwa mara moja na nusu au mbili tu, kisha uzi hukazwa kwa fundo. Mizunguko ikizidi, unyoya husongamana na kushindwa kucheza majini. Ulaini ndio siri ya chambo: unyoya mgumu wa shingo ya jogoo husimama wima, ilhali wa kwale hulala na kuinuka kwa kila msukumo wa maji, mithili ya miguu ya mdudu aliye hai.

Uvuvi. Mvuvi hurusha mshipi kukingama mto, akielekea chini kidogo, na kuuacha mkondo uuzungushe hadi ukingoni. Mwisho wa mzunguko, mshipi unapokaza, chambo hupanda. Trauti hukidhania kuwa mdudu anayeacha hali ya kiluwiluwi na kuelea juu ili apate mbawa, wakati ambao hana uwezo wa kukimbia. Stewart alipendelea kurusha mshipi mfupi kuelekea juu ya mto, kwa kuwa trauti huelekeza kichwa kunakotoka maji na hivyo hamwoni mvuvi aliye nyuma yake.

Matumizi. Trauti waliingizwa katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo mfasiri wa Kiswahili huweza kukutana na istilahi hizi hata katika maandishi ya Afrika Mashariki. Mambo manne yaangaliwe:

1. Chambo hiki kisiitwe *nzi*. Kwa Mswahili, nzi ni mdudu wa jalalani na mezani. Wadudu wanaoigwa hapa ni wa mtoni.

2. Majina ya vyambo hivi mara nyingi ni maelekezo ya kuviunda: kwanza ndege, kisha rangi ya uzi. *Kwale na chungwa* humfanya msomaji afikirie chakula. *Kwale na hariri ya rangi ya chungwa* humpa fundi kila anachohitaji.

3. *Kwale* wa Afrika Mashariki na wa Ulaya ni jamaa, si ndege mmoja. Pale unyoya wenyewe unapohusika, iandikwe *kwale wa Ulaya*.

4. *Kufunga chambo* hueleweka kuwa ni kukifunga kwenye mshipi. Kazi ya kukitengeneza iitwe *kuunda chambo*.

Mifano. *Aliunda vyambo vitatu usiku, akafunga kimoja kwenye mshipi alfajiri. Chambo chenye manyoya mengi mno hakichezi majini.*

Sarufi. Kivumishi *laini* hakichukui kiambishi cha upatanisho: *unyoya laini, manyoya laini*.