Chombo cha Kukodi na Maji ya Lamu

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika Lamu wakati wa likizo, hutakuwa umemaliza kuteremsha mzigo wako gatini kabla kijana mmoja hajakujia na kukuuliza, kwa adabu zote, kama wataka chombo cha kukupeleka visiwani. Usimkimbie, wala usimkubalie kwa papara. Watu wa visiwa hivyo tangu hapo kale njia yao ya kutembeleana ni bahari, na mtu asiye na chombo chake alikuwa hana budi kukodi cha mwenziwe, au kuomba nafasi juu ya shehena ya boriti na samaki wakavu. Kwa hiyo wanajua sana kupatana. Watakuuliza mko wangapi, mtalala siku ngapi, chakula ni juu ya nani, na mafuta ya mashine ni juu ya nani. Nawe wapaswa kuuliza kama nahodha ana cheti chake, na kama maboya ya kuvaa yanamtosha kila abiria. Hayo yote ni ya lazima. Lakini nimeona wageni wengi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, wakishindania bei nusu saa nzima bila ya kuuliza swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: Maji yajaa saa ngapi?

Sikuandikii haya ili kukufundisha kusafiri tu. Swali hilo moja limeamua mambo makubwa katika historia ya pwani yetu, na kwa miaka kadhaa mimi nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi historia hiyo kitabuni bila ya kulijua.

Kwanza yafahamu maji yenyewe. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kitu kidogo, na kwa ajili ya hicho kitu kidogo kila siku maji huchelewa yapata dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na tofauti yake yaweza kupita mita tatu, yaani zaidi ya kimo cha mtu aliyembeba mwenziwe begani. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mahali penye bahari ya kina kirefu mambo haya hayamsumbui mtu. Lakini visiwa vya Lamu, Manda na Pate vimekaa karibu na bara, na baina yake kuna vijito vya mikoko, matope na mafungu ya mchanga. Pale ulipopita asubuhi chombo chako kikielea, adhuhuri utaona kaa wakitembea. Chombo kilichoachwa na maji mahali kama hapo, watu husema kimepwelewa. Na neno hilo nakuomba ulishike, kwani tutalihitaji.

Safari ya kwanza ya kila mgeni ni Shela, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Leo Shela ni mahali pa nyumba nzuri na ufuo mrefu wenye vilima vya mchanga mweupe, na wengi wa wanaokwenda huko huenda kuogelea. Mtake nahodha wako atie nanga kidogo, nawe uutazame ufuo huo kwa macho mengine.

Yapata mwaka 1813 watu wa Lamu walikuwa katika hatari ya kupoteza mji wao. Pate, ambayo masultani wake wa ukoo wa Nabahani walikuwa na nguvu visiwani kwa muda mrefu, ilikuwa imefanya shauri moja na Mazrui waliotawala Mombasa ili waitiishe Lamu. Jeshi lao likaja kwa vyombo, likashuka Shela. Watu wa Lamu wakatoka kupigana nalo hapo hapo mchangani. Kwa mapokeo ya wenyeji, wavamizi waliposhindwa na kugeuka kukimbilia vyombo vyao, walivikuta vimelala ubavu juu ya mchanga mkavu, kwani maji yalikuwa yamekwisha toka wakati watu walipokuwa wakipigana. Fikiri, msomaji, hali ya mtu yule. Nyuma yake kuna mikuki. Mbele yake kuna chombo kilichomleta, kizima, hakina tundu, na hakifai kitu. Wengi waliuawa kando ya vyombo vyao.

Katika kitabu nilichofundishia, vita hivyo vilipewa mistari miwili. Nadhani vilistahili zaidi, kwani tazama yaliyofuata. Watu wa Lamu walishinda, lakini ushindi uliwatia hofu. Walijua kwamba Mombasa na Pate hazingenyamaza. Wakapeleka wajumbe Oman kwa Seyyid Said kumwomba ulinzi, naye akakubali, akawapelekea liwali. Ngome kubwa unayoiona katikati ya mji wa Lamu ilimalizika yapata mwaka 1821, katika siku za ulinzi huo. Kutoka hapo mkono wa Oman ulizidi kujinyosha katika pwani hii: mwaka 1837 utawala wa Mazrui katika Mombasa ulikwisha, na yapata mwaka 1840 Seyyid Said alifanya Unguja kuwa makao yake. Sisemi kwamba yote hayo yalifanywa na maji kupwa jioni moja. Seyyid Said alikuwa mtu mwenye haja zake, na biashara ya pwani ilikuwa ikimvuta tangu kabla. Lakini kama wale wangalipata kuelea na kurudi kwao na jeshi zima, wangaliweza kuja tena baada ya mwezi, na sijui kama Lamu ingalipata nafasi ya kupeleka mjumbe popote.

Kutoka Shela utavuka mlango wa bahari uende Takwa, katika kisiwa cha Manda. Hapa nahodha atakuambia mwenyewe habari ya maji, kwani kijito kiendacho Takwa kimezungukwa na mikoko pande zote, na chombo hakiingii ila maji yakiwa yamejaa. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili wenye ukuta, ulioishi tangu karne ya kumi na tano hata ya kumi na saba, ukahamwa. Msikiti wake ungali umesimama, na nje ya ukuta kuna kaburi lenye nguzo ndefu. Yasemekana wenyeji walihamia Shela, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Zamani zaidi, upande mwingine wa kisiwa hicho, ulikuwako mji wa Manda, uliokuwa ukifanya biashara na nchi za Ghuba ya Uajemi tangu karne ya tisa. Huko nakuachia uende mwenyewe. Nataka kukufikisha Pate, maana huko ndiko nilikopata somo langu.

Tulikuwa walimu sita, likizo ya Desemba, tumekodi mashua yenye mashine kwa siku nne. Pepo za kaskazi zilikuwa zikituvumia usoni, kwa hiyo tanga lilikuwa limefungwa muda mwingi, jambo lililomsikitisha nahodha wetu. Alikuwa mzee mtulivu, asemaye kidogo, nasi tukimwita Mzee. Usiku wa pili tulilala Faza, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate.

Faza una kisa chake cha kuhuzunisha. Katika miaka ya 1585 na 1586 Mturuki aitwaye Ali Bey alikuja pwani hii, na miji mingi iliyochoka na Wareno ikampokea. Mwaka 1587 Wareno walileta manowari kutoka Goa ili kulipiza kisasi, wakaupiga Faza, wakaua watu, wakauchoma mji na kuikata minazi kwa maelfu. Kichwa cha mfalme wa Faza walikwenda nacho Goa. Huo ndio mji uliokuwa karibu na maji mengi. Mnazi hauzai ila baada ya miaka kadhaa. Aliyeikata minazi ile alijua kwamba anawanyima chakula hata watoto ambao walikuwa hawajazaliwa.

Asubuhi yake tulikwenda Siyu. Ilikuwa siku ya tano baada ya mwezi mpevu, na maji yalijaa kwenye saa mbili. Mashua yetu iliingia kijitoni polepole, mikoko huku na huku, hata tukaiona ngome imekaa ukingoni. Tuliposhuka Mzee aliniambia, "Mwalimu, rudini kabla ya saa tatu na nusu." Nikamjibu, "Vyema, Mzee," nami sikuyatia maneno yake moyoni. Nilikuwa nimelipa chombo kwa siku nne; niliona kwamba saa zote za siku hizo ni zangu.

Siyu ni mji wa kumpotezea mtu saa. Hapo kale ulijulikana kwa wanazuoni wake, kwa kunakili misahafu, na kwa mafundi wa ngozi na mbao. Mtawala wake Bwana Mataka alikuwa mume wa Mwana Kupona, yule aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, ambao hata leo husomwa shuleni. Tulizunguka ngomeni, tukaenda makaburini, mwenzetu mmoja akakaa kwa fundi wa viatu, na mimi nikaanza kuwaeleza wenzangu, kwa sauti ya darasani, jinsi Siyu ulivyomshinda Seyyid Said. Tuliporudi kijitoni ilikuwa saa tano. Mashua ilikuwa imelala ubavu matopeni. Mzee alikuwa amekaa kivulini akishona jarife. Hakuninyoshea kidole wala hakuinua sauti. Alisema tu, "Tumepwelewa, Mwalimu. Hata magharibi."

Saa saba, msomaji, ni muda mrefu katika jua la Desemba, hasa kama maji ya kunywa umeyapima kwa safari ya asubuhi. Wenzangu hawakusema nami kwa muda. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikaa juu ya ukingo nikalitazama lile tope, na hapo ndipo nilipoyaelewa yale niliyokuwa nikiyahubiri ngomeni bila ya kuyaelewa.

Seyyid Said alikuwa na manowari, mizinga na askari wa kulipwa. Siyu ulikuwa mji mdogo. Hata hivyo uliikataa bendera yake kwa miaka mingi. Mwaka 1845 jeshi lake lilishindwa huko, na jemadari wake Hamad bin Ahmed akauawa. Siku zote nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba sababu ni ushujaa wa watu wa Siyu. Ushujaa ulikuwako, sikatai. Lakini manowari kubwa haikuweza kufika mbele ya ngome ile na kuipiga kwa mizinga. Jeshi lilishuka Faza, likalazimika kwenda kwa miguu na kuyavuta mazito yake katika nchi ya vichaka, ambamo wenyeji walijua kila njia. Tope lililokuwa limeishika mashua yetu ndilo lililokuwa ukuta wa Siyu. Faza haukuwa na tope la namna hiyo mwaka 1587. Siyu haukutiishwa na Unguja mpaka mwaka 1863, zamani za Seyyid Majid, mwana wa Said.

Nilipomweleza Mzee fikira zangu alisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza kama vitabuni haikuandikwa maji yalikuwa yakijaa saa ngapi siku ile ya 1845. Nikasema haikuandikwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kwamba jirani yake amejenga nyumba bila ya mlango.

Maji yalirudi kimya. Kwanza tuliona mstari mwembamba unaong'aa kati ya matope, kisha kaa wakaingia mashimoni, kisha mashua ikajiinua kidogo kidogo. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa tulipotoka, na mwezi ulikuwa haujapanda. Mzee alisimama omo na upondo mkononi, akipima kina na kumwambia kijana wake aliyeshika usukani, "Kulia. Kulia tena. Basi." Sisi walimu sita tulikaa tumenyamaza kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Siku ya nne tulirudi Lamu. Upande wa bara, mbele ya Manda, zilionekana winchi ndefu za bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2021. Huko bahari imechimbwa ili meli kubwa zipite. Mzee aliitazama kidogo, akageuza uso kuangalia mikoko, kwani sisi tulikuwa bado na mafungu ya kuyapita na maji yalikuwa yameanza kutoka.

Gatini nilimlipa fedha tuliyopatana, nikaongeza kitu kwa ajili ya ile siku ya Siyu. Akakipokea, akashukuru. Nilitaka twende tena Takwa kesho yake, na safari hii sikuanza na bei. Akatazama juu, akahesabu kwa vidole vyake, akasema, "Leo yalijaa saa tatu. Kesho njoo saa nne kasoro dakika kumi, Mwalimu. Lakini wewe, njoo saa tatu."