Njia ya Reli ya Bububu na Asili ya Jina Lake

Mtu atokaye Forodhani mjini Unguja akashika njia ya kaskazini kwa miguu, akapita Malindi, kisha Mtoni, hata akafika Bububu, huwa amekwenda maili 7 hivi. Na katika maili hizo zote hapandi kilima kistahilicho kuitwa kilima. Mkono wake wa kushoto bahari haiko mbali, na mkono wa kulia ni nyumba na mabaki ya mashamba ya minazi. Wapitao huko ni wa kila namna: waendao kwa miguu, wapanda baiskeli, magari ya ng'ombe na daladala. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba katika mkondo huo wa pwani iliwahi kupita reli, na kwamba wepesi wa njia ndio uliowavuta walioijenga. Gari la moshi halipendi mwinuko, wala mtembezi naye haupendi.

Reli hiyo haikuwa ya kwanza Unguja. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alitandikiwa reli nyembamba ya upana wa futi 2 kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, kusini ya mji. Kazi hiyo ilifanywa mwaka 1879, na hapo mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Yafaa ikumbukwe kwamba ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, na ule wa Mombasa mwaka 1896. Basi Unguja ilitangulia. Hata hivyo ile ilikuwa reli ya Mfalme, haikuwa reli ya watu. Na Sayyid Barghash alipofariki, nayo ikakoma.

Reli ya Bububu ilikuwa jambo jingine. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney ya New York, na magari yake yakaanza kwenda mwaka 1905. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kufukuzwa kwa Wareno, iligeuzwa kuwa bohari ya vyombo vya reli. Kutoka hapo gari lilipita katikati ya mji, mahali pengine likiwa karibu mno na kuta za nyumba, kisha likaifuata pwani. Abiria wake wengi walikuwa watu wa kawaida, waliokuwa na haja ya kufika mjini na kurudi, pamoja na wageni wa meli waliotaka kuona mashamba.

Njia hii ilipita mbele ya historia nzima ya ukoo wa Busaidi. Mtoni palikuwa na kasri la Sayyid Said bin Sultan, na kabla yake Marahubi palikuwa na kasri la Sayyid Barghash, lililoungua mwaka 1899, miaka michache tu kabla ya reli. Beit el Ras ndipo pa kusikitisha zaidi. Kasri lake lilianzwa na Sayyid Said mwaka 1847, naye akafariki mwaka 1856 kabla halijakwisha. Yasemwa kwamba mengi ya mawe yake yalichukuliwa kujengea reli; masalio yaliyobaki yakabomolewa mwaka 1947 ili pajengwe shule. Kama ni hivyo, mtu atafutaye jiwe la kasri la Beit el Ras heri alitafute chini ya barabara kuliko kulitafuta Beit el Ras penyewe.

Maisha ya reli hayakuwa marefu. Serikali iliitwaa mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa na motokaa zikaongezeka, abiria walipungua, na mwaka 1922 gari la abiria likasimamishwa. Tangu hapo reli ilibeba mawe ya kazi za bandari tu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 habari yake ilikuwa imekwisha.

Kilichobaki ni maneno, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata faida kuliko mwanafunzi wa mitambo. Waswahili hawakungoja kufundishwa namna ya kukiita chombo hiki. Gari ni neno la Kihindi lililokwisha kuzoewa kwa magari ya kukokotwa. Likaongezwa moshi, jambo lililoonekana kwanza kwa macho ya kila mtu, na jina likatosha. Neno taruma nalo lina mafunzo. Asili yake ni ubao wa kutilia nguvu, kama zile mbavu za chomboni zinazoushika ubavu wa jahazi. Lakini mbao zilizolazwa chini ya vyuma vya reli nazo zikaitwa mataruma. Aliyeanza kulitumia hivyo aliitazama njia ya reli kwa macho ya fundi wa majahazi, akaona mfano uliomtosheleza. Si haki kusema kwamba lugha ilikopa kila kitu pamoja na injini.

Neno lililozua ubishi mwingi ni jina la Bububu lenyewe. Wako wasemao, na maelezo haya husikika hata leo na kuandikwa katika vitabu vya wasafiri, kwamba mahali pale paliitwa hivyo kwa sababu ya mlio wa gari la moshi: bu-bu-bu, bu-bu-bu. Maelezo haya ni mazuri kuyasikia, wala hayana kasoro ya sauti. Kasoro yake ni ya tarehe. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, aliondoka Unguja mwaka 1866. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aeleza jinsi alivyokaa Bububu, naye apataja kwa jina hilo hilo. Basi jina lilikuwako si chini ya miaka 39 kabla ya gari la kwanza kufika. Wala haifai kujitetea kwa reli ya Sayyid Barghash, kwani ile ilianza mwaka 1879, tena ilikwenda Chukwani, upande ulio kinyume kabisa.

Hapana budi basi kutafuta kwingine. Wengine wamelitaja neno bubu, yaani mtu asiyesema, lakini hawakuonyesha sababu ya mahali kuitwa hivyo. Lenye nguvu zaidi ni neno bubujika. Sehemu za Bububu zina chemchemi, na maji ya huko ndiyo aliyoyaleta Sayyid Barghash mjini kwa mfereji. Kiswahili kina jamii ya vitenzi vya maji vilivyofanana kwa umbo: tiririka, chururika, bubujika. Kila kimoja kinaanza na mlio unaorudiarudia, kisha hufuata kiungo cha kukifanya kitenzi. Chururu husimama peke yake kama tanakali ya sauti ya maji yanayomwagika mfululizo, pasipo kuhitaji kiungo hicho. Si ajabu basi kama bububu nayo ilisimama peke yake kwa maji yatokayo ardhini kwa nguvu, mahali pakapata jina kwa sauti iliyosikiwa na kila mchota maji. Hii yabaki kuwa dhana, kwa kuwa hakuna andiko la zamani liielezalo. Lakini ni dhana isiyogombana na tarehe, na umbo la lugha laiunga mkono.

Ikiwa ndivyo, wasimulizi wa reli hawakukosa kabisa. Walijua kwamba jina ni mlio; kilichobadilika ni kitu kinacholia. Chemchemi haikuwa tena jambo la kustaajabisha kwa watu waliokwisha kupata maji ya bomba, na gari la moshi lilikuwa jambo la kustaajabisha kwa kila aliyeliona. Jina la zamani likapewa baba mpya. Kwa hiyo maelezo ya reli, ingawa hayawezi kuwa ushahidi wa asili ya jina, ni ushahidi mzuri wa kitu kingine: chombo kilichobeba abiria kwa muda wa miaka 17 hivi tu kiliingia katika fikira za watu kwa nguvu kiasi cha kulisahaulisha jambo lililotangulia. Mtafiti alitupaye kwa kuwa si kweli, ametupa habari ya miaka ya 1905 hata 1922 ambayo haimo katika hesabu za kampuni wala za serikali.

Yafaa majina mengine ya mkondo huo yakusanywe kwa uangalifu ule ule, hasa majina ya mahali gari liliposimama kati ya Malindi na Bububu, na maneno waliyoyatumia watu wa mashamba kwa vituo, makuli na makaa. Waliolipanda gari lenyewe hawako tena. Wako wajukuu wao waliosimuliwa, na wengi wao wangali wakikaa kando ya njia hiyo hiyo.