Sauti Isiyoitwa Muziki

Ikiwa umekulia Chwele au jirani yake, hapana shaka umepata kusikia chinyimba zikilia njiani mwezi wa Agosti, katika mwaka wa tohara kwa Wabukusu. Kijana mwenyewe humwoni bado, mahindi yamemficha. Lakini sikio limekwisha kukuambia nani anakuja na kwa jambo gani, na moyo wako umekwisha kwenda mbio. Kazi hiyohiyo ndiyo ifanywayo na muziki katika sinema za kisayansi za kubuni: hutangaza kitu ambacho jicho halijakiona.

Atungaye muziki wa sinema ya harusi atatwaa ala za harusi. Je, atungaye muziki wa sayari ambayo mtu hajaikanyaga atwae ala gani? Mwaka 1951 Bernard Herrmann, katika The Day the Earth Stood Still, alitumia theremini mbili. Hiyo ni ala ya umeme iliyobuniwa na Mrusi, Lev Theremin. Mpigaji haigusi, bali huchezesha mikono hewani karibu nayo, nayo hulia kama mtu aombolezaye mbali. Mpiga litungu, mwenye nyuzi saba chini ya vidole vyake, angedhani ni uchawi.

Louis na Bebe Barron, mume na mke wa New York, walikwenda mbali zaidi. Walisoma kitabu cha mtaalamu wa hesabu Norbert Wiener, kilichotoka mwaka 1948, juu ya jinsi viumbe na mashine vinavyojiongoza. Kisha wakaunda mitambo midogo ya umeme, wakaizidishia nguvu hata ikalia, ikapiga mayowe, na mwisho ikaungua. Mtambo ulioungua haukuweza kulia tena vilevile; basi kila kilio walikinasa katika utepe, wakakipunguza mwendo, wakakirudisha nyuma, wakakiunga na kingine. Hivyo ndivyo ulivyopatikana muziki wa Forbidden Planet ya mwaka 1956, sinema ndefu ya kwanza kuwa na muziki wa umeme mtupu. Ndani yake mna zimwi lisiloonekana, lililozaliwa katika akili ya mtaalamu mwenyewe bila yeye kujua. Halina umbo, sauti ndiyo mwili wake.

Lakini katika orodha ya watengenezaji kazi yao haikuitwa muziki. Iliitwa milio ya kielektroniki, kwa kuwa Barron na mkewe hawakuwa wanachama wa chama cha wanamuziki, na ugomvi ukaogopwa. Yafaa kuwasikia wapigaji pia: mashine isiyodai ujira ilitishia mkate wao. Hata hivyo mimi naona wawili hao walidhulumiwa. Ngoma zetu nazo zilipata kuitwa makelele na wageni wasiojua kuzisikiliza. Hollywood haikuwapa tena kazi kama ile. Louis alifariki mwaka 1989, Bebe mwaka 2008.

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, sinema ya dakika ishirini hivi, juu ya watu waishio ndani ya kuta baada ya vita vya maji. Muziki wake ulitungwa na Siddhartha Barnhoorn wa Uholanzi. Maneno ni machache mno humo. Asha atokapo nje na mche wake, akitembea katika jangwa chini ya jua kali, hana wa kusema naye, na ni muziki unaokuambia ana kiu kiasi gani.